Tarehe ya Kurudi

Asubuhi ya siku ya kazi, katika kituo cha afya cha Buzuruga, jijini Mwanza, huketi watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wenye homa, wenye vidonda, na wenye watoto waliolia usiku kucha. Hao hapana mtu awaulizaye wamefuata nini. Wa pili ni wazima, au hujiona wazima: mama mjamzito asiyeumwa na kitu, mzee aliyekuja kwa miguu yake kutoka Nyakato, kijana ambaye kikohozi kilimwacha mwezi uliopita. Hao wamekuja kwa kuwa tarehe imefika. Katika kadi ya kila mmoja wao, au katika daftari la shule alilolinunua dukani ili aandikiwe habari za maradhi yake, mkono wa mtu mwingine umeandika siku, mwezi na mwaka, na kando yake neno moja: arudi.

Neno hilo ndilo nitakalo kulitafakari. Swali langu ni la maadili kabla halijawa la utabibu. Je, mtu asiyeumwa ana wajibu wa kurudi? Na kama anao, awiwa na nani?

Neno miadi tumelipokea kutoka katika Kiarabu, na asili yake imebeba maana ya kuahidi. Basi mtu asemaye kuwa ana miadi na daktari amekwisha kiri, apende asipende, kwamba pana ahadi kati yao. Wahenga nao walikata shauri hilo zamani: ahadi ni deni, na kulipa ni uungwana. Lakini ahadi ya zahanati ina tabia ya peke yake. Nikimwahidi jirani debe la mahindi, ulimi ulioahidi ni wangu, nami nilikuwa na hiari ya kunyamaza. Tarehe ya kurudi huandikwa na muuguzi. Mgonjwa husomewa, huitikia “haya,” akaondoka. Kuitikia “haya” mbele ya mtu mwenye sare, huku foleni inasukuma mgongoni, kwaweza kuitwa kuahidi? Kwa maoni yangu ni nusu ya kuahidi. Nusu ya pili hupatikana pale tu mtu anapojua kwa nini anaitwa tena, na hapo kazi ya mganga hukutana na kazi ya mwalimu.

Ugumu wenyewe umo katika mwili. Mwili ni shahidi mwema wa maumivu, lakini ni shahidi dhaifu wa hatari. Mwiba ukituchoma, hutuambia papo hapo. Damu inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi ndani ya mishipa mwaka hata mwaka, mwili hunyamaza. Ugonjwa huo, ambao sote twauita presha, huhesabiwa kuwa upo pale vipimo vya siku mbalimbali vifikapo 140 kwa 90 au kuzidi. Hushambulia moyo, figo na ubongo, na aghalabu haumuumizi mtu hata siku moja kabla ya siku ile ya msiba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huo hawajui kuwa wanao. Tumezoea kuwafundisha vijana methali ya ufa na ukuta. Ni methali njema, lakini hapa haitoshi, kwa sababu ufa huonekana. Anayetakiwa kumeza kidonge kila siku kwa ajili ya presha anaambiwa azibe ufa asiouona, katika ukuta unaometa kwa chokaa, kwa ushahidi wa chombo ambacho hajui kukisoma.

Nilimfahamu fundi baiskeli mmoja aliyepimwa kwa bahati tu, alipokuwa amempeleka mkewe kujifungua. Akapewa dawa na tarehe. Alirudi mara mbili, kisha akaacha. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa mantiki safi kabisa: “Dawa ni ya mgonjwa, nami si mgonjwa. Nikiugua nitakwenda.” Sikuona kosa katika hoja yake ila moja, nalo ni kwamba ugonjwa wake haukuwa na desturi ya kubisha hodi. Mwaka wa tatu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na huo ndio uliokuwa mkono wa spana. Mwanawe alikuwa kidato cha tatu. Aliacha shule, akaketi chini ya mwembe ule ule, akaanza kuziba pancha.

Wako watakaosema kwamba fundi yule alikuwa mtu mzima na mwili ni wake. Hoja hiyo siidharau. Imo heshima ndani yake, na watu waliotawaliwa na wageni, wakachanjwa, wakapimwa na kuhesabiwa bila kuulizwa, wana haki ya kuipenda. Tena sikubaliani na wale wahubiri wa afya wasemao kwamba kila mtu anawiwa na mwili wake mwenyewe. Deni ambalo mdai na mdaiwa ni mtu mmoja laweza kusamehewa wakati wowote. Lakini tazama nani aliyelipa. Mkono uliokufa ulikuwa wa baba, na masomo yaliyokufa yalikuwa ya mwana. Katika nyumba zetu, ambamo mshahara mmoja hula sahani nane, hapana mwili ulio wa mtu mmoja. Mwenye kusema “mwili ni wangu” asema kweli hadi siku anapoanguka. Tangu siku hiyo mwili wake ni wa wale watakaombeba.

Lakini wajibu huo una kikwazo ambacho tusikifiche. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vya malaria, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Choo kilichochimbwa huonekana. Mwenyekiti wa kijiji aweza kukihesabu, na mchimbaji aweza kukionyesha kwa fahari. Anayetunza tarehe zake za kliniki kwa miaka ishirini hana cha kuonyesha. Kiharusi ambacho hakikutokea hakina kaburi wala sherehe. Hata yeye mwenyewe hawezi kujua kama kingetokea. Ni katika mambo machache tunamtaka mwanadamu atoe nauli yake, siku yake na subira yake kwa faida ambayo, ikipatikana, haitaonekana. Afanyaye hivyo mwaka hata mwaka ana fadhila ambayo washairi wetu, nami nikiwamo, hatujaitungia beti za kutosha. Tumewasifu mno wapigao mbio na kuwasahau wahudhuriao.

Nimesema ahadi ya zahanati ni nusu. Sasa nitazame upande wa pili wa kamba, yaani upande wa yule aandikaye tarehe, kwa kuwa katika jambo hili Tanzania imepata kuufundisha ulimwengu, na vijana wengi hawajui.

Kifua kikuu ni ugonjwa unaotibika kwa dawa, lakini dawa zake humpima mtu tabia. Zamani tiba ilichukua mwaka mzima au zaidi. Siku hizi, kwa kifua kikuu cha kawaida, huchukua miezi 6. Taabu ni kwamba mgonjwa hupata nafuu mapema. Baada ya wiki chache homa hukoma, kikohozi hupungua, mwili hurejea, na mtu hutamani kwenda kuvua au kulima. Vijidudu vilivyobaki havijafa. Akiacha dawa, huinuka tena, na vingine huinuka vikiwa sugu. Naye huviambukiza kwa pumzi tu, katika basi, katika chumba cha kulala, katika darasa. Hapa hata mtetezi mkali wa “mwili ni wangu” huishiwa maneno.

Mwaka 1977 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na miongoni mwa waliousimamia alikuwapo Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu ujanani. Jambo alilolisisitiza halikuwa dawa mpya. Lilikuwa daftari. Kila mgonjwa aliyegunduliwa aliandikwa katika daftari la wilaya, na kila wilaya ikapewa mratibu aliyezunguka vituoni kulilinganisha daftari lake na kadi za wagonjwa. Mgonjwa alimeza dawa akionwa na mtu, hasa katika miezi ya kwanza. Kisha kila robo ya mwaka mratibu alitakiwa kutoa hesabu ya wote walioandikwa: wangapi wamepona, wangapi wamefariki, wangapi wamehamia kwingine, na wangapi hawakurudi. Hapakuwa na njia ya kuwasifu waliopona na kuwanyamazia waliopotea. Kila jina lilidai jibu.

Mimi ni mtumishi wa ofisi, na jambo hilo nalielewa kwa mfano wa masjala. Faili likitolewa, karani huandika limekwenda kwa nani na lirudi lini. Siku ikifika, karani hulifuata. Akiketi na kulilaumu faili kwa kutorudi, tutamcheka. Mtu si faili, ana miguu na ana nia yake, wala sitaki afuatwe kwa amri. Lakini anayeandika tarehe katika kadi ya mtu, kisha siku ikapita asiulize, naye amevunja ahadi. Ndiyo maana naona kwamba mpango ule ulikuwa na maadili kabla ya kuwa na takwimu. Uliifanya tarehe kuwa kamba yenye ncha mbili.

Matokeo yake yalisikika mbali. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993, iliitaja tiba ya kifua kikuu kuwa miongoni mwa tiba zinazookoa uhai mwingi kwa gharama ndogo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa janga la dharura, na baadaye kidogo likazihimiza nchi zote kufuata utaratibu uliojengwa juu ya yale yaliyojaribiwa hapa. Sisi tuliozoea kuambiwa kwamba Mwafrika hajui kutunza wakati tuna haki ya kuikumbuka habari hiyo. Tena tuikumbuke kwa ukamilifu: wagonjwa wale walitunza wakati kwa sababu pia walikuwapo watu waliowatafuta.

Na hapa sina budi kulisema neno moja ambalo huniuma kila nilisikiapo. Mgonjwa asiyerudi tarehe yake, katika mazungumzo ya wahudumu na hata katika maandishi, huitwa mtoro. Walimu mnalijua neno hili kwa wanafunzi wenu. Lakini katika pwani ya karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walijenga makazi yao bara, kama Fuladoyo nyuma ya Malindi, na mabwana wakatamani kuwarudisha kwa nguvu. Shule ililirithi neno, na zahanati ikalirithi. Sasa kumbuka methali ya deni: kulipa ni uungwana. Na muungwana naye, katika dunia ile ile ya kale, ndiye mtu asiye mtumwa. Basi lugha yetu imeweka pande zote mbili za jambo hili katika nyumba ya utumwa: arudiye kwa tarehe ni muungwana, asiyerudi ni mtoro.

Sidai kwamba muuguzi atamkapo neno hilo ana mawazo ya bwana wa watumwa. Lakini maneno hufanya kazi hata mwenyewe asipojua. Katika zahanati moja nisiyoitaja nilimwona mama aliyechelewa kwa siku nne. Mbele ya watu wote aliitwa mtoro, akaulizwa alikuwa wapi, wala hakungojewa ajibu. Mama yule hakulia. Alitazama chini, akachukua dawa zake, akaondoka. Sijui kama alirudi tena, lakini najua kwamba ningekuwa yeye, miguu yangu ingekuwa mizito. Mficha maradhi kilio humfichua, ndiyo. Lakini nani humfundisha mtu kuyaficha? Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani, katika fasili zake za hesabu za kifua kikuu, liliacha neno la Kiingereza lenye maana ya mtu aliyeshindwa kutimiza deni, likashika maneno yenye maana ya aliyepotea katika ufuatiliaji. Aliyepotea hutafutwa, mtoro huadhibiwa. Baraza na vyuo vyetu vinavyosanifu istilahi vingefanya jambo la maana kulitazama hili.

Tena asiyerudi huenda anatii kalenda nyingine. Mwanza ni mji wa ziwa, na ziwa lina kalenda yake. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, zamani za karabai na sasa za betri, na dagaa hufuata mwanga wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa hushindwa, nao hupumzika, hutengeneza nyavu, huja mjini. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi una siku za kazi na siku za mapumziko, naye huzijua kwa kutazama juu. Mwezi wa zahanati una siku thelathini zinazofanana. Mpe mvuvi tarehe ya kurudi baada ya siku 28 zilizohesabiwa kutoka siku ya giza: itamwangukia tena karibu na giza, akiwa kambini visiwani upande wa Ukerewe, na kesho yake, na mwezi ujao, itakuwa hivyo hivyo. Atachagua kati ya kidonge na chakula cha watoto. Sisi tutaandika kwamba hakurudi. Lakini muuguzi anayeuliza swali moja tu, “Siku hiyo mwezi utakuwaje?”, aweza kuisogeza tarehe kwa wiki mbili, akampa dawa za kutosha kuifikia, na ahadi ikawa ya kweli. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambazo serikali ilianza kuzitoa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, leo huweza kupewa za miezi kadhaa kwa pamoja wakiwa imara. Mlango umekwisha funguliwa. Yatupasa kuupitia kwa maradhi mengine pia.

Fedha nayo isisahauliwe. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wajawazito, watoto wadogo na wenye kifua kikuu waliachwa nje ya malipo, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Lakini nauli ya kutoka Kayenze au Igombe hailipwi na sheria yoyote, wala siku ya mama ntilie aliyefunga jiko lake kwenda kupima presha. Anayemhimiza mtu kurudi bila kuuliza atarudi kwa nini amehimiza nusu tu.

Nimewaachia walimu na wanafunzi sehemu yao, nayo ni kubwa kuliko wanavyodhani. Katika kaya zetu tarehe za kliniki hutunzwa na wanawake. Mama huijua siku ya chanjo ya mtoto, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua miezi 9 na 18. Huijua siku yake mwenyewe akiwa mjamzito. Mara nyingi huijua na ya mumewe, ambaye haijui. Wanaume tumejifanya wageni wa kadi. Tunakumbuka tarehe ya mnada, ya mshahara na ya mechi, na tunangoja kukumbushwa tarehe ya moyo wetu wenyewe. Halafu wako wazee ambao kadi yao ni karatasi tu. Bibi aliyezaliwa kabla ya shule kufika kijijini kwao huiweka kadi katika mfuko wa nailoni, huifunga vizuri pamoja na picha na risiti, huiheshimu kama hati ya shamba, wala hawezi kusoma neno lililomo.

Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuisoma. Aweza kuichukua kalenda ya ukutani, ile itolewayo na kanisa, msikiti au duka, akazitia alama tarehe zote za nyumba ile kwa kalamu nyekundu: ya bibi, ya baba, ya mdogo wake. Aweza kuweka nauli ya siku hiyo pembeni tangu wiki ya kwanza, shilingi kwa shilingi, ndani ya kopo. Mwalimu naye aweza kuligeuza zoezi hilo kuwa somo la hesabu au la uraia. Na bibi, siku ya kuamkia tarehe, akiuliza kama kesho ndiyo siku yenyewe, asiambiwe tu “Ndiyo, bibi.” Afunguliwe mfuko, aonyeshwe tarakimu kwa kidole, asomewe na jina la dawa na sababu yake, hata kama ni mara ya kumi, ili ile “haya” atakayoitikia asubuhi dirishani iwe yake mwenyewe.